Ukikamatwa umelewa Texas, hesabu siku kabla hujahesabu hela

Jana nilikula kiapo cha uraia hapa Houston. Nikaweka picha nikiwa na suti na kibendera mkononi, pongezi zikamiminika. Katikati ya pongezi ukaingia ujumbe wa kijana mmoja, dereva wa lori kama mimi: "Shikamoo kaka. Nimedakwa Jumamosi nikitoka kwenye sherehe, nimelala ndani, nimetoka kwa dhamana. Watu wananiambia nikubali kosa nilipe faini yaishe. Unanishauri nini?"

Nilikaa kwenye gari nikiishika simu kwa muda mrefu. Wengi walionipongeza hawajui kwamba kiapo kile kilichelewa miaka, na kilichelewa kwa sababu ya bia.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 2021. Watanzania tulikutana kusherehekea miaka 60 ya Uhuru. Kuanzia saa kumi jioni mpaka saa sita usiku nilikunywa bia moja baada ya nyingine na nilijiona mzima kabisa. Shemeji yangu aliomba funguo anirudishe nyumbani. Nikamjibu mbele za watu kwamba mimi napeleka magurudumu 18 mpaka California, yeye atanifundisha nini kuhusu barabara? Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Askari alinisimamisha kwa ajili ya taa ya nyuma. Akanimulika tochi, akataka nifuate ncha ya kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Kisha hatua tisa kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, nigeuke, nirudi tisa. Nilizitembea zote. Kwenye kugeuka nikazunguka kwa mara moja, wakati alishanionyesha nigeuke kwa hatua ndogondogo. Pingu zikafuata. Kituoni nilipuliza mashine ya kupima kilevi ikasoma 0.11. Kikomo ni 0.08, na ukiwa ndani ya lori ni 0.04.

Asubuhi nilirudishiwa mfuko wa plastiki: mkanda, simu, kamba za viatu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Leseni yangu haikuwemo. Kwa aibu niliutupa mfuko ule chini ya kabati nikasubiri tarehe ya mahakama. Nilikuja kuifungua karatasi Januari. Ilikuwa inasema hivi: hii ndiyo leseni yako ya muda kwa siku 40, na una siku 15 za kuomba kikao cha kupinga kufungiwa leseni. Siku 15 zilikuwa zimeshapita na sikuwa nimeomba kitu. Leseni ikafungwa siku 90. Angekuwa mtu aliyekataa kupimwa, zingekuwa 180.

Ninyi wa malori, hapa tulieni. Kufungiwa kule peke yake, kabla hakimu hajasema neno, kulininyang'anya CDL, yaani leseni ya malori, mwaka mzima. Nilikuwa kwenye gari langu dogo, siku ya mapumziko, na haikusaidia. Mahakama inaweza kukupa leseni maalumu ya kwenda kazini, lakini lori huligusi. Ukirudia mara ya pili, kwa kawaida CDL imekwenda maisha.

Nikarudi kubeba boksi ghalani, zamu ya usiku, nikiomba lifti kwa watu wale wale waliokuwa kwenye sherehe. Wengine waliacha kupokea simu. Morogoro mdogo wangu alikuwa akisubiri ada ya mwanawe na sikuwa nayo. Yule shemeji niliyemdhalilisha ndiye aliyenipeleka ghalani miezi saba, na hakuwahi kulitaja jambo lile.

Kesi yenyewe sina mengi ya kusimulia. Kosa la kwanza adhabu yake ni kifungo hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000. Juu yake, ukishatiwa hatiani, jimbo linadai dola 3,000 nyingine, na kama kipimo kilifika 0.15 linadai 6,000. Nilipewa miezi 18 ya uangalizi wa mahakama, darasa la saa 12 na kazi za jamii. Nikazimaliza.

Uraia ndio ulionitesa. Nilikuwa nimepanga kupeleka maombi Machi 2022. Uhamiaji hawaidhinishi ombi la mtu aliye chini ya uangalizi wa mahakama, hivyo nikasubiri mpaka uishe. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, na kukamatwa ni kukamatwa hata kama kesi ilifutwa. Nilisema kweli, nikapeleka hati zenye muhuri wa mahakama, na kwenye usaili afisa aliniuliza zaidi habari za usiku ule kuliko alivyoniuliza historia ya Marekani. Hukumu mbili ndani ya miaka mitano wanayoichunguza zinakufanya uhesabiwe huna mwenendo mwema, na kujinasua ni kazi kubwa. Wanafunzi nanyi sikieni: viza yako inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu.

Kuna mtego mwingine. Texas huwapa baadhi ya watu mpango wa kukubali kosa bila kutiwa hatiani, wakimaliza masharti kesi inafungwa. Mwenye CDL hapewi. Anayepewa, asisherehekee: kwa sheria ya uhamiaji ile bado ni hukumu. Kwa hiyo tafuta wakili anayejua jinai na uhamiaji, au wawili wakae meza moja. Usikubali kosa ili yaishe. Narudia, usikubali kosa ili yaishe.

Na sisi wenye sherehe tuache kumsukumia dereva chupa kwa jina la ukarimu. Mkiondoka na mtoto wa chini ya miaka 15 kwenye gari na baba amelewa, hilo ni kosa kubwa la jinai hata kama ni mara ya kwanza. Nimeona baba akimfunga mwanawe mkanda huku yeye mwenyewe anayumba, nasi tunampungia mkono. Mwacheni anune, mnyang'anyeni funguo.

Mdogo wangu, leo ni Alhamisi. Ulikamatwa Jumamosi, zimebaki siku kumi. Fungua ule mfuko usiku huu, itoe karatasi, na kesho asubuhi kabla ya kazi omba kikao. Ukishaomba nipigie, nitakuja na gari twende kwa wakili.