Ufaransa na Ufilipino mezani, ukutani na jukwaani: fuata kitu kimoja

Vijana wa kwetu wanaokuja Los Baños, kusini mwa Manila, kusomea mpunga huniuliza swali lile lile wakishaizoea maabara: siku za mapumziko mtu afanye nini? Mji wenyewe ni mdogo, umekaa chini ya Mlima Makiling. Ukishakula pai ya dafu inayouzwa kando ya barabara na kuoga kwenye chemchemi za maji moto, Jumamosi zinaanza kuwa ndefu. Mimi huwaambia wapande basi la Buendia waende Makati, mji ulioungana na Manila, na ukiwa mwezi wa Juni wasikose kabisa. Mkataba wa urafiki kati ya Ufaransa na Ufilipino ulisainiwa Paris tarehe 26 Juni 1947, na siku tano kabla ya tarehe hiyo huangukia sikukuu ya muziki ya Wafaransa. Kwa hiyo Juni ndio mwezi ambao mataifa haya mawili hukutana hadharani kwa filamu, vyakula, picha na ngoma. Alliance Française ya Manila, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa kilichokuwepo tangu 1920, iko huko Makati, Mtaa wa Nicanor Garcia, na kutazama maonyesho hakukudai neno hata moja la Kifaransa.

Ila nina ushauri kwa anayekwenda. Watu wengi wakifika kwenye shughuli za tamaduni mbili huzunguka meza kwa meza: hapa jibini, pale wali wa kunata, piga picha, songa mbele. Wanatoka wameshiba na hawana la kusimulia. Chagua kitu kimoja tu, ukifuate kinavyokuwa upande huu na kinavyokuwa upande ule. Kiwe kiungo, mchoraji, au sauti ya mwimbaji mmoja. Mimi nilianza na siki.

Nyumba niliyopanga ilikuwa na mama mwenye nyumba aliyependa wageni, na kazini nilikuwa na mwenzangu Mfaransa aliyezaliwa Lyon. Jumapili moja walikubaliana kupika kuku jikoni kwa mama, kila mmoja kwa namna ya kwao, na kiungo kikuu kiwe siki. Lyon wana kuku wao wa siki, chakula cha nyumbani cha siku nyingi. Wafilipino wana adobo, ambayo hakuna nyumba isiyoipika.

Mfaransa alianza na siagi. Alivikaanga vipande vya kuku mpaka vikawa vyekundu, akavitoa, akamwaga siki ya zabibu kwenye sufuria ile ile ili ibandue vile vilivyogandia chini, akatia vitunguu vidogo na nyanya, akarudisha nyama, na mwisho akamalizia kwa krimu. Mama akaenda kinyume. Kuku mbichi aliingia moja kwa moja kwenye siki, soya sosi, vitunguu saumu vilivyopondwa na pilipili manga. Akatukataza kabisa kukoroga mpaka siki ichemke, maana ukikoroga mapema, alisema, ukali wake hautoki. Kukaanga kwake kulikuja mwishoni, nyama ikiwa imeshaiva. Mmoja anakaanga ndipo atie siki, mwingine anatia siki ndipo akaange, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa mashaka ya kweli.

Kilichonifungua macho ni swali la Mfaransa: nani anapunguza ukali, kama krimu haipo? Mama akajibu kwamba kuna adobo nyingine, ya tui. Akaipika siku nyingine tukiwepo. Tui la kwanza huingia mwishoni na kuituliza siki, kazi ile ile inayofanywa na krimu kule Lyon. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwa kuku wa kupaka, nilijiona nimekaa katikati ya watu hawa wawili, nikiwaelewa wote. Na siki ya mama ilitoka kwenye mnazi: tuba, ambayo hugemwa juu ya mnazi kama tembo letu, ikiachwa ikachachuka. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana mlango wake wa kuingilia mazungumzo haya. Autumie. Asikae pembeni kama mtazamaji.

Kwa Waislamu wenzangu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: uliza kabla ya kupakua, na usione haya. Adobo nyingi ni za nguruwe, na hata mboga huweza kutiwa vipande vidogo vya nyama hiyo. Kwa Wafaransa la kuuliza ni mvinyo, kwa kuwa mchuzi mwingi wa nyama hupikiwa ndani yake. Sijaona aliyechukizwa na swali hilo likiulizwa kwa upole. Mara nyingi mpishi hufurahi kueleza alichotia, na hapo ndipo maongezi yenyewe yanapoanzia.

Kwa upande wa picha, mtu wa kumfuata ni Juan Luna, mchoraji Mfilipino wa karne ya 19. Nenda kwanza Makumbusho ya Taifa ya Sanaa, Manila, ambayo hayana kiingilio, usimame mbele ya Spoliarium. Ni turubai lenye upana wa zaidi ya mita 7, alilolichora akiwa Roma na kulipeleka Madrid mwaka 1884, likapata medali ya dhahabu. Linaonyesha wapiganaji wa Kirumi waliouawa wakiburutwa sakafuni. Wafilipino waliokuwa chini ya Uhispania walijiona humo. Kaa nalo. Usilipite kwa dakika mbili.

Kisha tafuta kazi zake za Paris, alikohamia baadaye. Mkono unabadilika. Mashujaa wa kale wanaondoka, wanaingia watu wa mitaani na wa mikahawani. Katika The Parisian Life, ya mwaka 1892, mwanamke ameketi mkahawani, na pembeni kuna wanaume watatu wanaoaminiwa kuwa Luna mwenyewe, José Rizal na rafiki yao Ariston Bautista. Rizal, shujaa wa taifa, alikuwa amejifunza tiba ya macho Paris katika kliniki ya Dakta Louis de Wecker. Kwao ni Calamba, mji ambao basi letu hupita kabla ya kushika barabara kuu ya Manila, na nyumba ya familia yake imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Msomaji aliye Los Baños anaweza kuanzia hapo akamalizia mbele ya picha hiyo siku hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka, nami naona lisipitwe. Mwaka huo huo wa 1892, huko huko Paris, Luna alimuua kwa risasi mkewe, Paz Pardo de Tavera, pamoja na mama mkwe wake. Mahakama ya Ufaransa ilimwachia huru mwaka uliofuata. Nikisimama mbele ya yule mwanamke wa mkahawani siwezi kumtenganisha na Paz, na sidhani inafaa. Mabadilishano ya tamaduni husifiwa sana kwenye hotuba, lakini waliovuka bahari walikuwa binadamu, na walioumia nyumbani kwao wana haki ya kutajwa majina. Ukienda na wanafunzi wako, wasimulie.

Baada ya hapo mtafute Nena Saguil, mchoraji mwanamke wa Kifilipino. Alihamia Paris miaka ya 1950 akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 1994, akichora mizunguko na vitone vidogo vidogo kwa uvumilivu wa ajabu. Ninampenda kuliko Luna, na ninasikitika kwamba jina lake halitajwi vya kutosha.

Muziki ndio ulionigusa zaidi, na hapa nitakawia. José Maceda alizaliwa Manila mwaka 1917. Alikuwa mpiga piano, akaenda Paris kusoma École Normale de Musique chini ya Alfred Cortot, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa enzi ile. Angeweza kuishi maisha yake yote akipiga kazi za Wazungu kwa ufasaha. Lakini lilimjia swali, ambalo baadaye lilijulikana sana, la muziki huo una uhusiano gani na nazi na mchele. Akabeba vinasa sauti akaenda vijijini na visiwani. Alirekodi gongo za Wamagindanao, Waislamu wa kusini, na nyimbo na ala za milimani. Rekodi zake ziko Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, na mwaka 2007 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Hakuitupa Paris, lakini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi kule na kukutana na watunzi waliokuwa wakitengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa, na mafunzo hayo akayarudisha kwao kwa umbo jingine kabisa. Mwaka 1974 alitunga kazi iliyogawanywa kwenye vituo vya redio vya Manila, kila kituo kikirusha sehemu yake kwa wakati mmoja, na watu wakaja viwanjani na redio zao mikononi ili kazi nzima isikike. Mimi ninayefanya kazi na mpunga kila siku siwezi kulisahau swali lake. Ukipata nafasi ya kusikiliza kulintang, zile gongo ndogo zilizopangwa mstari mmoja, sikiliza kwanza piano ya Kifaransa usiku wa kuamkia siku hiyo. Masikio yatakuonyesha alichokikimbilia.

Upande wa jukwaa kubwa yupo Lea Salonga, mwimbaji Mfilipino. Wafaransa wawili, Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, walikuwa na tamthilia ya muziki, Miss Saigon, na mwimbaji mkuu hakupatikana kwa urahisi. Usaili ulifika Manila. Salonga akachukua nafasi hiyo, akaifungua tamthilia London mwaka 1989 akiwa na miaka 18, na mwaka 1991 akapata Tony, tuzo kubwa ya tamthilia huko Marekani. Ukitaka kuona nyuso za Wafilipino ziking'aa, mtaje.

Sasa sikukuu yenyewe. Fête de la Musique ilianza Ufaransa mwaka 1982, tarehe 21 Juni, kwa wazo la kwamba yeyote mwenye ala atoke nje apige bure. Alliance Française za Nairobi na Dar es Salaam nazo huifanya, kwa hiyo wengine mtakuwa mmeshaionja. Makati wanayo namna yao: pamoja na majukwaa makubwa kuna majukwaa madogo kwenye baa na mikahawa, kila moja na aina yake ya muziki, rege hapa, jazi pale, rapu mtaa wa tatu. Usijaribu kuyamaliza. Chagua mawili yaliyo karibu, ufike mapema, ubaki mpaka bendi ya mwisho, maana bendi ndogo hukaa baada ya kupiga na huzungumza na watu. Juni ni mwezi wa mvua, na Manila mvua ikinyesha magari husimama. Chukua mwavuli, viatu visivyoogopa maji, na ujue mapema utalala wapi, kwa kuwa mabasi ya kurudi Laguna, mkoa uliko Los Baños, si ya kutegemea usiku wa manane. Dada zangu, nendeni wawili wawili.

Na kama uko Ulaya, safari hii unaweza kuifanya kinyume. Mpishi Erica Paredes, Mfilipino, ana mkahawa wake Reyna katika wilaya ya 11 ya Paris, mahali pazuri pa kuanzia. Lakini bora zaidi ni kumpata Mfilipino anayeishi pale. Wapo wengi, na wanapenda kulisha watu. Mwombe akupeleke wilaya ya 13, kwenye maduka ya Waasia, akuonyeshe siki anayonunua yeye. Kisha mwulize anaitia kabla ya kukaanga au baada.