Kwa Wahakiki Wapya: Kabla Hamjaandika Tena Kwamba Almodóvar "Alibadilika Ghafla"

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za wahakiki wetu wapya kuhusu Pedro Almodóvar, na zote zinadai kwamba bingwa huyo wa vichekesho wa Hispania aligeuka ghafla akawa mwongozaji wa majonzi. Nawapenda, wadogo zangu, lakini hilo "ghafla" limenichosha.

1. Msitaje mwaka wa mageuzi kabla hamjatazama filamu za mwanzo. Katika Matador ya mwaka 1986 yumo mpigana na mafahali mstaafu ambaye hapati ashiki pasipo mauti. Giza lilikuwamo, ila kicheko kililifunika. Katika La flor de mi secreto (1995) kifuniko kinaanza kuinuliwa: mwandishi wa riwaya za mapenzi, ambazo Wahispania huziita za rangi ya waridi, anajikuta ameandika riwaya nyeusi, yaani ya giza, na wachapishaji wake wanaikataa.

2. Msiandike filamu ikiwa inaendelea. Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilipewa Hable con ella (2002), nikaitazama daftari likiwa gotini. Muuguzi Benigno anamwosha, anampaka mafuta na kumsimulia habari Alicia, msichana aliyelala miaka bila fahamu, kwa upole ulionilegeza kabisa. Katikati ikaingia filamu bubu fupi, ya mwanamume anayesinyaa hadi akawa anatembea juu ya mwili wa mpenzi wake aliyelala. Nikaichukulia kuwa mapumziko, nikainama kumalizia sentensi yangu kuhusu "upendo usiodai malipo".

Mhariri alisoma uhakiki wote, kisha akauliza mbele ya wenzangu, "Na mimba ya Alicia imetoka wapi?" Nilijibu, na hadi leo masikio yananiwaka, kwamba hilo ni jambo la pembeni. Kumbe filamu bubu ndiyo pazia lenyewe: nyuma yake Benigno anambaka mgonjwa wake, na mwongozaji hatuonyeshi, kwa sababu ametuacha tumpende kwanza ndipo tujue tumempenda nani. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima kumsifu mbakaji. Niliporudi kuitazama bila daftari, nikijua kila kitu, bado nilimhurumia Benigno gerezani, na huruma hiyo sikujua niiweke wapi. Mswada wa filamu hiyo ulipata tuzo ya Oscar, nami uhakiki wangu ukaishia kwenye pipa la taka.

3. Sikilizeni muziki wa Alberto Iglesias, anayezitungia filamu za Almodóvar muziki tangu 1995.

4. Msitafute giza kwenye taa. Rangi nyekundu haikumtoka, na katika La piel que habito (2011) daktari wa upasuaji anamfungia mtu aitwaye Vera katika nyumba safi, nzuri, yenye michoro mikubwa ukutani. Mmoja wenu ameiita "filamu ya kutisha" akaweka nukta. Rasimu yake nimeirudisha, na ninamwomba anijibu mambo mawili tu: ni wakati gani alianza kumhurumia Vera, na simu yake ilikuwa wapi wakati huo.