Kotonii kupauka na kukatika wakati wa kaskazi: ni joto au mbegu?

Mleta mada, umeuliza kama kotonii yako, aina ya mwani unaolimwa baharini, inapauka na kukatika kila kaskazi, msimu wa joto, kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi au mbegu mbovu. Mara nyingi ni joto. Mbegu dhaifu inaharakisha tu.

Kwanza hakikisha si tasi, samaki wanaokula mwani. Wao hung'ata ncha, na shina linalobaki lina rangi yake ya kawaida. Ugonjwa wa kupauka huanza na doa jeupe katikati ya tawi, pale panalegea, bakteria wanaingia, kisha wimbi dogo tu linakata. Kotonii hutaabika maji yakizidi nyuzi 30 za selsiasi kwa siku kadhaa, na Bahari ya Hindi imekuwa ikipanda joto kwa miongo. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, lakini bei yake ndogo mnaijua wenyewe.

Sasa pima. Shika kipimajoto usawa wa kamba ulizofungia mwani, maji yakiwa yamekupwa. Kupima maji yakiwa yamejaa ni kujidanganya. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) Unguja maji hukupwa kama saa 4 asubuhi, halafu kila siku yanachelewa mpaka kupwa kunakutana na jua la utosini. Mwani uliobaki kwenye kidimbwi cha kifundo cha mguu unachemshwa hapo hapo.

Kwa hiyo hamisha vigingi vyako hadi pale maji ya kupwa kubwa yanapofika magotini au zaidi. Ukipata ngalawa na watu wanaojua kuogelea, funga kamba za kuelea: nanga za mifuko ya mchanga, maboya ya madumu, kamba ikae kama nusu mita chini ya uso wa maji. Huko tasi watakusumbua zaidi, hilo lijue mapema.

Doa likionekana, usisubiri wiki 6 zitimie. Vuna kamba nzima bamvua hilo hilo, anika juu ya chanja, si mchangani. Mbegu chukua ncha changa za kamba safi, vipande vya gramu 100 hivi, ufunge kwa kuachanisha sentimita 20. Wakati wa kubeba zifunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Wengi hulaumu bahari ilhali mbegu yao iliungua juani ndani ya ndoo kabla hata haijafungwa.

Mvua za masika nazo zikipunguza chumvi karibu na mkondo wa maji matamu, utaona weupe ule ule hata maji yakiwa baridi. Hapo kuongeza kina peke yake hakusaidii, hama eneo.