Kona ya Fundi: Mashine ya zamani inapokataa mfumo mpya

Fundi, habari za kazi. Nina stesheneri hapa Tukuyu. Nimenunua laptop ya mtumba, HP yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2. Kijana alitaka kunipigia Windows 11 kwa flashi anayosema inaruka masharti yote. Kila tukiwasha, nembo inatokea, mashine inazima, inajiwasha tena, hivyo hivyo mchana kutwa. Nimeambiwa mazabodi imekufa. Ni kweli?
Mama wa stesheneri, Tukuyu

Mama, mazabodi yako inaelekea ni nzima, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Flashi za namna hiyo huondoa ukaguzi tu: kwamba mashine ina chipu ya usalama ya TPM 2.0, ina Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha), na prosesa imo kwenye orodha, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8. Ukaguzi ni mlinzi wa getini, anaweza kupitwa. Lakini kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 yenyewe imeandikwa kwa amri za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT, na Core 2 Duo haikutengenezwa nazo. Mfumo ukifika kwenye amri hiyo prosesa haiijui, mashine inaanza upya. Hakuna flashi ya kuongeza kitu ambacho hakimo ndani ya prosesa.

Windows 10 ingekubali, ila masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya stesheneri, inayochomekwa flashi ya kila mteja, haifai kuachwa bila kinga. Piga Linux Mint 22, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ambalo litapata masasisho hadi 2029.

Kwa RAM ya GB 2 itawaka, lakini ukifungua kivinjari na LibreOffice (programu ya kuandikia) pamoja itakokota. Ongeza RAM ifike GB 4, kisha weka diski ya kasi ya SSD, ya SATA ya inchi 2.5, GB 120 zinakutosha. Ukiwa na hela ya kimoja tu, anza na SSD, kwa sababu siku ya kuachana na laptop hii utaihamishia kwenye nyingine. RAM ya zamani huhami nayo. Na kabla ya kwenda kuinunua, fungua kifuniko cha chini usome kibandiko cha RAM iliyopo: baadhi ya laptop za Core 2 Duo hutumia DDR2, nyingine DDR3. Mkato wa chini wa kila aina uko mahali pake. Ikigoma kuingia usiisukume, si ya hapo.

Faili la Mint ni karibu GB 3. Lishushe kwa torenti, maana mtandao ukikatika linaendelea lilipoishia na bando haliungui bure. Likishafika, lihakiki. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows fungua kidirisha cha amri, uandike:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

(weka jina halisi la faili lako). Linganisha mstari utakaotoka na ule uliochapishwa na Mint wenyewe. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani na usakinishaji utakwama katikati bila maelezo ya kueleweka. Hatua hii ni ya dakika mbili, na watu wengi huiruka halafu wakalaumu diski.

Hamisha kwanza nyaraka zako zote, kisha chukua flashi ya GB 8 na Rufus, programu ya kuandika mfumo kwenye flashi. Kwenye mpangilio wa diski chagua MBR, si GPT, kwa sababu mashine hiyo inawaka kwa BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya mfumo) ya zamani. Rufus ikiuliza, anza na hali ya ISO. Laptop ikikataa kuisoma, rudia kwa hali ya DD. Washa HP huku ukibonyeza Esc, halafu F9, uchague flashi. Kama haimo, ingia F10 utazame ndani ya orodha ya diski ngumu, maana BIOS nyingi za zamani huihesabu flashi kuwa diski. Skrini ikiwa nyeusi, washa upya na uchague mstari wenye maneno "compatibility mode".

Mint itafunguka kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Hapo ndipo pa kujaribu sauti, kibodi na Wi-Fi. Wi-Fi isipoonekana, andika kwenye terminal, yaani kidirisha cha amri cha Mint:

lspci -nn | grep -i network

Ukiona jina Broadcom, kadi haijafa. Inakosa draiva yake tu. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa tethering (kugawa intaneti ya simu), kisha ukishamaliza kusakinisha fungua Driver Manager ukaichague humo. Na kama betri ya laptop imechoka, tumia UPS: umeme ukikatika diski inapogawanywa, utaanza upya.

Kompyuta ya mezani ya ofisi, kila asubuhi tarehe imerudi 2009. Tovuti zinakataa kufunguka, na siku nyingine Windows inaleta skrini ya bluu. Tumeshapiga Windows mara tatu.
Karani, Mwanjelwa, Mbeya

Msipige ya nne. Hiyo ni betri ya mazabodi, CR2032, kile kidonge bapa cha fedha cha volti 3. Ikiisha, saa hurudi nyuma na mipangilio ya BIOS hupotea mnapochomoa umeme jioni. Tovuti zinakataa kwa sababu cheti cha usalama kilichotolewa mwaka huu, kwa kompyuta inayoamini ni 2009, bado hakijaanza kutumika. Skrini ya bluu inaelekea inatokana na BIOS kurudisha diski kwenye hali ya IDE wakati Windows ilisakinishwa katika AHCI; hizo ni njia mbili tofauti za kuzungumza na diski.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, sukuma kishikizo kidogo pembeni mwa betri kwa bisibisi, nayo itaruka yenyewe. Ukiwa na multimita ipime. Ikiwa chini ya volti 2.7, itupe. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Halafu ingia BIOS, weka tarehe, na kwenye mpangilio wa SATA rudisha AHCI kabla ya kuiacha Windows iwake.

Kilaptop changu kidogo cha Atom N270 kinaandika kwamba kernel (kiini cha mfumo) inataka x86-64 lakini imeona i686. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Mafinga

Umeshusha mfumo wa biti 64, mdogo wangu, na prosesa hiyo ni ya biti 32. Tafuta mfumo wa Linux wa biti 32: Debian 12 ya i386 au antiX ya biti 32. Debian 13 usihangaike nayo, haina tena kisakinishi cha biti 32. Kwa RAM ya GB 1 kitakufaa kuandikia, kusoma PDF na kuchapia. Video za mtandaoni hakitaziweza, hata ukibadilisha mfumo mara kumi.

Nimehamia Mint. Printa ya HP LaserJet 1020 inaonekana, taa inawaka, karatasi haitoki.
Mwalimu, Njombe

Mwalimu, printa hiyo haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa husubiri ipewe na kompyuta. Ukiwa na intaneti, andika hp-setup -i kwenye terminal, ukubali kushusha plagini itakapoulizwa, kisha zima printa na uiwashe tena. Baadaye HPLIP (programu inayoendesha printa za HP kwenye Linux) ikisasishwa na printa ikanyamaza, rudia kwa hp-plugin, kwani toleo la plagini lazima lilingane na la HPLIP.

Wenye Canon LBP2900 wasichukulie jibu hili kuwa lao. Hiyo inatumia lugha ya Canon iitwayo CAPT, na draiva yake kwenye Linux ya biti 64 inasumbua. Ijaribuni kwanza kwenye mashine moja kabla ya kufuta Windows.