Pilipili mbuzi nzima kwenye mchuzi: mbona leo inanukia tu, kesho inawasha?

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Nauza wali na mchuzi wa samaki wa nazi. Natia pilipili mbuzi moja nzima ili mchuzi unukie tu. Siku nyingine unatoka vizuri, siku nyingine wateja wanalalamika unawasha. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, angalia ngozi ya pilipili yako. Wengi wanadhani ukali unatoka kwenye mbegu, kumbe unatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaozishikilia. Ngozi ikiwa nzima, harufu inatoka na ukali mwingi unabaki ndani. Ikipasuka, ukali unashikana na mafuta ya tui na kuenea sufuria nzima.

Kwa hiyo kazi inaanzia sokoni. Chagua yenye ngozi inayong'aa, ngumu ukiibonyeza, na kikonyo kibichi kilichoshika vizuri. Igeuze utazame pale kikonyo kinapoanzia: kitundu au doa laini hapo ndipo mchuzi utakapopenya. Iliyong'oka kikonyo usiichukue hata ukipewa bure. Iliyoiva hunukia kuliko ya kijani, ila hulainika upesi, basi nunua ya siku hiyo. Na iliyotoka kwenye friza haifai kabisa kwa kazi hii. Barafu imeshaiharibu ndani, ikipata moto inalegea na kufumuka.

Jikoni usiitie mapema. Tui likishachemka na samaki akishaingia, punguza moto, iweke pilipili ielee juu. Dakika 10 zinatosha kwa mchuzi wa lita 2. Kuanzia hapo mwiko usiingie tena: shika sufuria kwa kitambaa uitikise taratibu, na samaki naye hatavunjika. Itoe kabla ya kupakua, maana mara nyingi ni upawa unaoibana ukingoni ikapasuka.

Ikishapasuka, usikimbilie kuongeza maji, yatakuharibia mchuzi na ukali hauyeyuki humo. Opoa pilipili na mbegu zake haraka, ongeza kikombe cha tui zito, uonje, kisha urekebishe chumvi. Mchuzi utapungua makali, hautarudi kama mwanzo. Siku hiyo waambie wateja kabla hujawapakulia.

Mikono uliyoopolea ioshe kwa sabuni, usiishie kuisuuza kwa maji, na usijiguse macho kabla ya hapo.