Kihusishi kisianguke njiani: kwa mnaoanza kuandika ripoti za Kiingereza hapa Goma

Ukianza kazi Goma katika shirika linaloandika ripoti zake kwa Kiingereza, huenda sentensi ya kwanza kurudishiwa ikawa ya namna hii: "The patient was operated." Kiima kipo, kitenzi kipo, na bado imekatwa mkia. Inatakiwa "The patient was operated on." Hiyo "on" ndiyo kihusishi, kwa Kifaransa "préposition". Hupotea kwa sababu wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa husema "le patient a été opéré", basi, hakuna kinachofuata. Mkono unaandika Kiingereza, kichwa kimebaki darasani.

Kwa jambo hili moja, wadogo zangu, wekeni Kifaransa pembeni mpitie Kiswahili. Nitaeleza kwa nini.

Kifaransa, ukiacha vitenzi vichache kama "obéir", hakikubali kugeuza sentensi kuwa kauli ya kutendwa kama kati ya kitenzi na yambwa (kinachotendewa) kuna kihusishi. "Parler de" au "s'occuper de" hazigeuki. Mfaransa hukimbilia "on" yake, yenye maana ya "mtu" au "watu", "on s'est occupé des enfants", na maisha yanaendelea. Kiingereza hakina kizuizi hicho, na Kiswahili pia hakina. Mtu akifika kazini shati limelowa anasema "nimenyeshewa na mvula pale Birere", na Mwingereza anasema vilevile, "I was rained on." Shule iliyopokea wakimbizi, madarasa yake yamelaliwa: "The classrooms have been slept in." Ofisi iliingiliwa na wezi: "The office was broken into." Tofauti ni mahali pa kuweka ule uhusiano. Sisi tunauficha ndani ya kitenzi, katika -ia na -ea zinazogeuka kuwa -iwa na -ewa. Mwingereza anauacha nje, neno linalojitegemea, limesimama nyuma ya kitenzi na halisogei hata yambwa ikihama kwenda mbele.

Angalieni malipo, maana hapo ndipo fedha inapopotea kwenye karatasi. Madereva walilipwa: "The drivers were paid." Mafuta yalilipiwa: "The fuel was paid for." Kiswahili kinatofautisha lipwa na lipiwa, Kiingereza kinatofautisha "paid" na "paid for", ni mpaka uleule. Kifaransa kina "payé" kwa vyote viwili, na ndiyo maana kwenye ripoti za robo mwaka nimesoma "the fuel was paid" mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kanisani pia mnao mfano: mtu aliombwa, "he was asked"; mtu aliombewa, "he was prayed for". Hakuna anayechanganya hayo mawili kwa Kiswahili, hata mtoto.

Basi mkiona sentensi yenu ya Kiswahili ina -iwa au -ewa, shukuni kwamba Kiingereza kinadai kihusishi. Shukuni tu, msiape. "Aliletewa barua" ni "she was brought a letter", hakuna kihusishi. Na upande wa pili, "alichekwa" haina -iwa lakini ni "he was laughed at". "Walisikilizwa" ni "they were listened to". "Alingojwa" ni "he was waited for". Hivi viwili vya mwisho ni mtego mkubwa kwetu, kwa kuwa "écouter" na "attendre" hazina kihusishi. Ripoti ya mahojiano na waathirika ikisema "the women were listened", msomaji ataelewa, lakini atajua pia kwamba mwandishi alikuwa anatafsiri.

Kuna mahali ambapo kosa hili si la lugha tena. Walio kwenye usalama wanisikilize vizuri. "Two men were shot" maana yake risasi zimewapata, wamejeruhiwa au wamekufa. "Two men were shot at" maana yake walirushiwa risasi. Huenda hazikuwagusa kabisa. Kifaransa kina "tirer sur", lakini kwa kuwa "on leur a tiré dessus" haigeuki vizuri, mtu anaandika haraka "our vehicle passengers were shot" na kutuma. Dakika chache baadaye simu zinalia: makao makuu wanauliza majina ya majeruhi, wanatafuta ndege ya kuwahamisha, familia zinaanza kupigiwa. Kumbe gari limetobolewa bodi tu na watu wote wameshafika Sake salama. Herufi mbili, "at". Kabla ya kutuma ujumbe wa tukio, jiulize kwa Kiswahili: walipigwa au walirushiwa? Jibu litakupa kihusishi chako.

Neno jingine la usalama ni "account for". Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, na hasa tarehe 27 sehemu ya mji ilipoamriwa kuhama, wafanyakazi walitawanyika, wengine Sake, wengine Bukavu kwa mashua, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Siku kama hizo kiongozi anataka sentensi moja: "All staff are accounted for", yaani kila mmoja anajulikana alipo. Kinyume chake ni "unaccounted for", na hapo kihusishi kinabaki vilevile, hakianguki. Watu wa stoku nao wanaijua: "Twelve bags of flour are unaccounted for." Magunia hayajulikani yalikokwenda, na mtunza stoku hapati usingizi.

Sasa mtenda. Akitajwa, "by" huja baada ya kihusishi, na maneno mawili madogo yanakaa bega kwa bega: "The children are looked after by their grandmother." "The teacher was laughed at by the pupils." Wanaoanza wanaona kama kuna moja la ziada, wanafuta "after" au "at". Usifute. La kwanza ni la kitenzi, la pili ni la mtenda. Hata vikiwa vitatu: "The old form was done away with by the finance team." Sentensi mbaya kidogo kwa sikio langu, lakini ni sahihi.

"Refer to" inawasumbua wa afya. "The patient was referred to the hospital" ni kwamba mgonjwa alielekezwa hospitali. "The letter was referred to in the meeting" ni kwamba barua ilitajwa mkutanoni, na "to in" zinafuatana bila aibu.

Halafu ule mtindo wa procès-verbal (kumbukumbu za kikao), "il a été discuté de la question de l'eau". Ukiuhamisha unapata "It was discussed about the water problem", na hapo hakuna kilichopona. "Discuss" haitaki kihusishi: "The water problem was discussed." "Talk about" inakitaka: "The water problem was talked about." Chagua kimoja, na maji yakae mbele yawe kiima.

Si kila kitu kinageuka. Sisi tunasema "amefiwa", Kiingereza hakina njia ya kugeuza "die" hivyo. Nao wanasema "a decision was arrived at", lakini "Goma was arrived at" haisemwi. Mji unaoufikia haupati chochote kutokana na kufika kwako, ila uamuzi ni tunda la kikao. "Belong to" na "consist of" hazigeuki kabisa. Kwenye daftari andika kitenzi pamoja na kihusishi chake kama neno moja, "operate on", "pay for", "deal with", ndivyo kamusi za wanafunzi zinavyofanya.

Na mkishakijua kifaa hiki msikitumie kila mstari. "The complaint was looked into." Na nani? Wafadhili watauliza, na watu wa Kanyaruchinya waliolalamika wana haki ya kuuliza kabla yao. Kama ni kamati ya maji, andika "The water committee looked into the complaint", na ongeza tarehe.