Moto wa Jukwaani Hauhitaji Kiberiti

Juzi mwalimu mmoja wa drama kutoka upande wa Kakamega aliniuliza amimine mafuta ya taa kiasi gani kwenye mkebe ili wanafunzi wake "wachome nyumba" jukwaani. Nilimjibu papo hapo: hata tone moja, hapana. Jibu refu naliandika hapa, kwa maana najua hayuko peke yake. Msimu wa tamasha za shule ukikaribia, kila mwenye mchezo anatamani tukio ambalo majaji watalala wakilifikiria.

Moto ninaojivunia kuliko yote niliujenga Kisumu, kwa kundi lililoigiza kisa cha mjane anayechomewa nyumba na mashemeji. Mwongozaji alitaka ndimi za moto wa kweli. Nikamwomba anipe nafasi kwanza. Nilienda soko la Kibuye, nikachakura mitumba mpaka nikapata skafu za hariri halisi, zile zinazopepea ukizipulizia tu. Nikazikata vipande vyenye ncha, virefu kwa vifupi, nikavifunga kwenye waya uliopita juu ya karai. Ndani ya karai nikaweka feni ndogo inayotazama juu, na kuizunguka nikapanga taa za LED za manjano iliyoiva, chungwa na nyekundu, zote za volti 12. Hariri iwe nyeupe. Kuipaka rangi ni kazi ya taa. Ukianza na kitambaa chekundu, watu wataona kitambaa chekundu.

Karai lile, hata hivyo, lilikuwa nusu tu ya kazi. Watu wa safu ya mbele walivuta viti nyuma kwa sababu ya kilichotokea pembeni mwake. Nilikuwa nimeficha taa nyingine za chungwa chini kabisa, kila moja ikififia na kukolea kwa mwendo wake, hivi kwamba vivuli vya waigizaji vilirefuka na kuyumba kwenye pazia la nyuma. Taa zikiwaka na kufifia kwa mpigo mmoja, umefungua disko. Hadhira huuamini moto kwa yale unayowatenda watu: mjane akikinga macho kwa kiwiko, akirudi nyuma, akikohoa, basi nyumba inaungua. Mlio wa kuni tuliupata kwa kukunjakunja karatasi za nailoni za biskuti karibu na maikrofoni. Moshi wa mashine uwe kidogo, na uliza mapema kama kuna mwigizaji mwenye pumu.

Usiku wa mwisho mwongozaji aliwashukuru wote, hata muuza soda. Jina langu halikutajwa. Linaniuma hadi leo, lakini moto ule ulikuwa wangu na waliouona wanajua.

Sasa nisikilizeni, walimu na waongozaji wenzangu. Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois kule Chicago, cheche ya taa ya jukwaani ilishika pazia. Pazia la kuzuia moto likakwama likishuka, na milango mingi ikawashinda watu kuifungua. Walikufa zaidi ya 600, wakiwemo watoto wengi, katika ukumbi mpya uliotangazwa kuwa hauwezi kuungua. Hapo hakuna aliyewasha kiberiti. Ni taa tu. Wewe una watoto waliovaa sketi za katani, mapazia ya poliesta na mlango mmoja wa nyuma, kisha unataka kuongeza mafuta ya taa? Kombe gani lina thamani hiyo? Mzazi alikukabidhi mtoto mzima, na mzima ndivyo umrudishe.

Kwa hiyo, Mwalimu, tumia LED, maana taa za halojeni huchoma kitambaa kilicho karibu. Feni na taa zote zizimwe kwa swichi moja, na ashikaye swichi hiyo asipewe kazi nyingine. Kizima moto cha unga kikae pembeni mwa jukwaa. Ndoo ya maji haifai palipo na umeme. Kabla watu hawajaingia, zunguka ukumbi ukafungue kila mlango kwa mkono wako, usikubali kuambiwa tu kwamba uko wazi. Kisha nitumie vipimo vya jukwaa lako, nikuchoree karai linalolitosha.